Midomo ya mluzi, ulimi wa i

Leo nimechagua maswali yanayozunguka sauti moja: ile inayoandikwa u kwa Kifaransa, ü kwa Kijerumani na Kituruki, y kwa Kifini.

Naanza kujifunza Kifaransa. Niandikie kwa herufi za Kiswahili jinsi ya kutamka "tu". (Morogoro)

Siandiki, na ombi hili nimelipata mara nyingi mno. Herufi zetu zinabeba sauti zetu, na hii haimo. Vijitabu vinavyoandika "tyu" au "tiu" vinakupoteza, maana hapo unatamka sauti mbili na Mfaransa anatamka irabu moja.

Fanya hivi: simama mbele ya kioo, sema "iii" bila kukoma. Ulimi usiusogeze hata kidogo. Sasa kusanya midomo kama mtu anayepiga mluzi. Kinachotoka ndicho unachokitafuta. Ukisikia u ya "kuku", ujue ulimi umerudi nyuma, anza upya.

Wala usidhani ni madoido. "Dessus" ni juu yake, "dessous" ni chini yake, na kinachozitenga ni irabu hiyo tu. Mtu anayepakia mizigo na kuchanganya mawili hayo atavunja vyombo vya watu. Vivyo hivyo "rue" ni mtaa na "roue" ni gurudumu. Kamusi haitakusaidia hapa. Tafuta mzungumzaji, msikilize, mwombe akusahihishe bila huruma.

Je, ndiyo ile ũ ya Kikuyu? (Nakuru)

Hapana. ũ ya Kikuyu hutamkiwa nyuma ya kinywa, chini kidogo ya u. Tena msiiite sauti ya puani kwa sababu tu ya hicho kialama cha juu.

Shuleni tulifundishwa irabu ni tano: a, e, i, o, u. Hizi nyingine zimetoka wapi? (Tanga)

Tano ni za Kiswahili. Walimu wanaoacha neno "za Kiswahili" wanawaachia wanafunzi kosa la maisha, na kila mwezi naletewa barua zake. Irabu ni sauti, si herufi. Kikuyu kina saba, Kituruki kina nane, na Kiingereza kinaandika kwa herufi zilezile tano irabu nyingi kuliko hizo.

Kituruki kitazameni vizuri, maana kinatumia midomo kwa ustadi mkubwa. Sisi tunasema "pigia" lakini "somea", kiambishi kikifuata irabu ya mzizi. Waturuki wanakwenda mbali zaidi: "ya nyumba" ni "evin", "ya msichana" ni "kızın", "ya shule" ni "okulun", "ya waridi" ni "gülün". Kiambishi ni kilekile, ila ulimi na midomo vyote viwili vinafuata mzizi. Anayeipuuza ü huko hakosei neno moja tu, anavuruga sarufi nzima.

Ni lugha ngapi zina sauti hii?

Chache. Mwanaisimu Ian Maddieson alilinganisha lugha 562, akakuta 37 tu zenye ü, ö (ndugu yake: ulimi wa e, midomo ya mluzi) au zote mbili, nyingi zikiwa kaskazini mwa Ulaya na Asia.

Kwa nini Kiingereza hakina, na ni ndugu wa Kijerumani? (Mombasa)

Kilikuwa nayo. Katika Kiingereza cha kale panya mmoja alikuwa "mūs", wengi "mȳs", na hiyo y ilikuwa sauti yetu ya leo. Baadaye midomo ikaacha kukusanyika, ikabaki i, ndiyo maana leo ni "mouse" na "mice". Wagiriki nao waliipoteza vivyo hivyo. Sauti hii huponyoka kirahisi.

Wakongo na Wanyarwanda wanasema "biro" na "bisi". Si wanaharibu Kifaransa? (Dar es Salaam)

Hawaharibu chochote, na dharau hii ikome. "Bureau" na "bus" zina irabu hii. Lugha isiyo nayo hushika ulimi au hushika midomo. Wao wameshika ulimi, wakapata i. Sisi tulisikia neno hilohilo kwa Waingereza, tukapata "basi". Hakuna aliye karibu na haki kuliko mwenzake. Ila ukiwa darasani unazungumza Kifaransa, usipeleke "biro" huko.

Nakwenda Guangzhou kununua bidhaa. Kichina nacho kina hiyo sauti? (Arusha)

Kinayo. Kikiandikwa kwa herufi za Kilatini, "lù" ni njia, "lǜ" ni kijani, na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ni ileile, kwa hiyo toni haitakuokoa. Jihadhari zaidi na j, q, x na y: baada ya herufi hizo, nukta mbili za ü haziandikwi, lakini u inayofuata ni ü daima. "Qù", yaani kwenda, ina midomo ya mluzi. Kwenye kibodi ya simu, ü utaipata kwa kubonyeza v.