Buu Yule Usimbonyeze

Ukikabidhiwa matuta ya sukuma wiki au kabeji kwa mara ya kwanza, usianze na bomba la dawa. Anza na jani. Ligeuze, tazama pale vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, walipojazana. Mara nyingi katikati yao yumo buu laini wa kijani au hudhurungi, hana miguu, mbele amechongoka, na akikomaa hufika kama sentimita moja. Wageni wengi humbonyeza wakidhani ni kiwavi. Huyo ni mtoto wa yule nzi mwenye mistari ya njano na nyeusi anayesimama hewani mbele ya ua kama katundikwa kwa uzi.

Mtazame buu huyo dakika chache. Hana macho, hivyo hupapasa kulia na kushoto kwa ncha ya mdomo. Akigusa kidukari humchoma, humnyanyua huku vijiguu vikitapatapa, kisha humfyonza hadi libaki ganda. Mpaka awe nzi, atakuwa amemaliza mamia. Lakini wengi wao huwinda usiku, kwa hiyo mchana tafuta maganda makavu na vidoa vyeusi vinavyonata juu ya jani. Kiwavi wa nondo wa kabeji ni rahisi kumtenga: ana kichwa na miguu, ukimgusa hujinyonganyonga na kujiangusha.

Nzi mzazi wa buu hali vidukari. Anaishi kwa nekta na chavua. Ndiyo maana mimi huacha giligilani chache zichanue pembeni, hata mwenye bustani akinung'unika kwamba napoteza mboga. Wala usimwogope, hana mwiba. Mhesabu mabawa: nyuki ana manne, huyu mawili.

Sisimizi wakipanda shina kwa foleni, shughulika nao kwanza. Wanawalinda vidukari kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa, na buu wakimkuta humshambulia. Dawa ya kupuliza kila mahali humuua na yeye, halafu vidukari ndio hutangulia kurudi, kwani jike lao huzaa bila dume. Jani lililozidiwa likate tu.

Yupo pia nzi mkubwa mwenye ndevu, anayekaa kwenye kijiti na kudaka wapitao. Huyo hachagui, hata nyuki anakula. Mimi simtegemei.

Siku ya kuvuna, loweka mboga kwenye maji ya chumvi, uzisukesuke, kisha uzisuuze. Mteja akikuta buu kwenye fungu, hana muda wa kusikiliza sifa zake.