Kabla Kisu Hakijashuka: Kwa Afisa Mifugo Unayekwenda Kuripoti Kata Yako ya Kwanza

Kimeta umekisoma. Brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, umeisoma, na kichaa cha mbwa umekifanyia mtihani ukafaulu, iwe ni chuo cha mifugo cha Tengeru, Mpwapwa au Buhuri. Kitakachokukuta kwenye kata si ugonjwa usioujua. Ni ng'ombe aliyekufa alfajiri, wenye ng'ombe wameshanoa visu, mabeseni yameshatoka ndani, na aliyekupigia simu ni jirani, si wao.

Nimefanya kazi hii miaka mingi kwenye kata za wafugaji kaskazini mwa Tanzania, na kama kuna jambo moja nataka uondoke nalo hapa ni hili: magonjwa ya kutoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu hayapiti sana kwenye ujinga kama tulivyoambiwa darasani. Yanapita kwenye hesabu ya fedha. Ng'ombe ni ada ya shule, ni magunia ya mahindi, ni mahari. Akifa, mwenye mali anajiuliza swali moja tu: nitaokoa nini hapa? Kibudu kinaliwa kwa sababu hiyo, si kwa sababu watu hawajasikia kwamba kina hatari. Wengi wameshasikia, na wazee watakuonyesha hata sehemu za malisho ambazo hawapeleki mifugo msimu fulani kwa sababu ya kimeta. Wanajua kuliko wewe uliyefika juzi.

Kwa hiyo ukifika kwenye mzoga, usianze na hotuba. Salimia wote, wazee kwanza, kwa salamu kamili. Wape pole ya ng'ombe, maana huo ni msiba. Halafu uliza: ameanza kuumwa lini, alikuwa anakula, wengine zizini wakoje? Wakati unauliza, macho yako yawe kazini. Mnyama aliyekuwa mzima jana jioni na asubuhi kafa. Tumbo limevimba haraka. Mwili haujakakamaa kama inavyotakiwa. Damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa. Ukiona hivyo, hata kama si dalili zote, chukulia ni kimeta mpaka maabara iseme vinginevyo. Na hapo kisu kisishuke.

Sababu ya kukataza kisu uieleze vizuri, kwa sababu wafugaji ni watu wa sababu. Bakteria wa kimeta akiwa ndani ya mzoga ambao haujafunguliwa, uozo unammaliza. Ukipasua, anapata hewa na kujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazokaa kwenye udongo miongo mingi. Nikiwa na wazee huwa nawasimulia habari ya kisiwa cha Gruinard huko Scotland: mwaka 1942, wakati wa vita, Waingereza walijaribu bomu la kimeta pale kwa kutumia kondoo, na kisiwa hakikutangazwa kuwa salama mpaka mwaka 1990, baada ya udongo kumwagiwa dawa. Mzee mmoja aliposikia hayo alinyamaza kidogo, akauliza, "Na hao kondoo walikuwa wa nani?" Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa kwenye semina.

Sampuli utachukua bila kupasua: damu kidogo kwenye mshipa wa sikio, unapaka kwenye slaidi, na pamba unachovya kwenye damu ile inayotoka. Glavu mbili, moja juu ya nyingine. Matundu ya mwili unayaziba kwa pamba. Halafu ndipo kazi yenyewe inaanza: kuzika shimo la mita mbili, au kuchoma. Chuoni hilo ni mstari mmoja kwenye daftari. Huku ardhi ya kiangazi ni kama zege, kuni za kuchomea ng'ombe mzima hakuna, na vijana watakuuliza nani anawalipa kwa kuchimba. Hili lipange mapema na mtendaji wa kijiji, kabla hajafa hata mnyama mmoja. Mjue nani ana sururu, kijiji kina utaratibu gani wa kuwaita vijana, na sehemu gani ya kuzikia ipo mbali na maji. Ukisubiri mzoga uwepo ndipo uanze kuulizana, saa mbili zitapita, na ndani ya saa mbili nyama itakuwa imeshagawanywa.

Fidia huna, na usiwaahidi. Unachoweza kumpa mwenye mali ni kuokoa waliobaki, na hilo ndilo la kumwambia kwanza, kabla ya neno la kuzika. Chanjo ya kimeta ni ya bei nafuu, na mtu aliyepoteza mmoja ana hamu kubwa ya kulinda arobaini. Ila uangalie jambo moja ambalo wengi hulipita: chanjo hiyo ina vijidudu hai vilivyopunguzwa makali. Mfugaji aliyepata hofu ameshachoma antibayotiki ya oksitetrasaiklini kundi zima usiku, maana chupa anayo nyumbani na sindano anayo. Ukichanja juu ya dawa hiyo, dawa inaua chanjo, na wiki kadhaa baadaye ng'ombe akifa utaambiwa chanjo ya serikali ni maji. Uliza walichochoma na lini. Uliza bila kukaripia, la sivyo utadanganywa.

Halafu waangalie watu. Hili ndilo linalotutofautisha na mtu wa maduka ya dawa za mifugo. Nani alimgusa? Nani alichuna yule wa juma lililopita? Kuna mtu ana kidonda mkononi au usoni kilichoanza kama kipele, kisicho na maumivu makubwa, katikati kimekuwa cheusi? Huyo aende zahanati leo, na wewe mpigie mganga mfawidhi umwambie unachohisi, kwa sababu bila simu yako atapewa dawa ya kupaka. Kimeta cha ngozi kinatibika vizuri kwa antibayotiki kikiwahiwa. Kilichoingia kwa kula nyama au kwa kuvuta hewa ni habari nyingine kabisa.

Hiyo namba ya mganga mfawidhi uichukue siku ya kuripoti. Nenda zahanati ukajitambulishe, unywe chai pale, usisubiri kikao cha wilaya cha Afya Moja, yaani ule mpango wa watu wa mifugo na watu wa afya kufanya kazi pamoja. Mwongozo upo, na dawati la uratibu lipo Ofisi ya Waziri Mkuu, ni jambo jema. Lakini kwenye kata Afya Moja ni wewe na yule nesi mkijuana kwa jina.

Na mna mengi ya kuambiana. Kuna utafiti uliofanywa Moshi kati ya 2007 na 2008, kwenye hospitali za KCMC na Mawenzi, kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Walipopimwa kwa makini, malaria ilikuwa asilimia 1.6. Kilichokuwa kimejificha nyuma ya neno hilo ni pamoja na brusela, homa ya mgunda na homa ya Q, yaani mambo ya ng'ombe, mbuzi na panya. Tangu hapo vipimo vya malaria vimeenea na mambo yamebadilika, lakini tabia haijaisha: kipimo cha malaria kikisema hapana, mtu anaambiwa ana taifodi. Wewe ukimweleza nesi kwamba kitongoji fulani mbuzi wametupa mimba mwezi huu, umempa kipimo ambacho hana kwenye kabati.

Kuhusu kutupa mimba, hapa utakutana zaidi na akina mama kuliko wanaume. Mbuzi anapozaa kwa shida, mama ndiye anayeingiza mkono, mikono mitupu, mara nyingi usiku, na kondo la nyuma analishika na kulitupia mbwa. Brusela inakaa hapo, kwenye majimaji na kondo, kuliko sehemu nyingine yoyote. Homa ya Q pia. Sisi tumezoea kusema "chemsheni maziwa" mpaka imekuwa kama kibwagizo, na maziwa ni kweli yachemshwe, lakini kama hutasema neno juu ya kuzalisha umeacha mlango mkubwa wazi. Glavu ndefu za kuzalishia zikikosekana, mifuko safi ya plastiki mikononi ni bora kuliko ngozi tupu. Kondo na kijusi vizikwe au vichomwe, mbwa wasivipate. Na mtu akibainika ana brusela, matibabu ni dawa mbili kwa wiki zisizopungua sita. Akipata nafuu wiki ya pili ataacha. Ukipita pale kwake kwa shughuli zako za mifugo, muulize vidonge vimebaki vingapi.

Jilinde mwenyewe vilevile. Chanjo ya brusela ya mbuzi, Rev 1, ni hai, na ukijichoma nayo unaweza kuugua kweli. Ikitokea, nenda hospitali na chupa mkononi ukaseme jina la chanjo, maana kijidudu hicho hakisikii streptomaisini, ambayo ni mojawapo ya dawa zinazotumika. Daktari wa binadamu hawezi kulijua hilo kwa kukuangalia.

Kichaa cha mbwa hakihitaji maneno mengi kuhusu dalili. Zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya hapo, na nusu yake inafanyika kwenye ndoo ya maji. Mtoto ameng'atwa mguuni: utakuta kidonda kimepakwa mafuta ya taa, pilipili, au majani yaliyotafunwa. Usibishane. Omba maji, jagi na sabuni ya kufulia, anza kuosha wewe mwenyewe, maji yanatiririka, na weka simu chini ihesabu dakika kumi na tano. Dakika kumi na tano ni ndefu sana mtoto akilia. Bibi atakwambia imetosha dakika ya tatu. Endelea, mfundishe anayeshika jagi. Kidonda kisishonwe ovyo, kisifungwe kwa kubana. Halafu hospitali kwa chanjo, siku hiyohiyo, na kurudi kwa tarehe zote walizopangiwa.

Hapo kwenye kurudi ndipo hesabu inaporudi tena. Nauli ya kwenda wilayani mara ya pili na ya tatu, pengine na gharama ya chanjo, na mtoto anaonekana mzima anacheza. Familia inaona imetosha. Ongea na baba na mama kwa pamoja, maana mwenye kumbeba mtoto na mwenye kutoa nauli mara nyingi si mmoja. Mbwa mwenyewe kama yuko hai na anafungika, asiuawe. Afungwe aangaliwe siku kumi. Akiwa mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi kwenye mate siku ile alipong'ata. Lakini chanjo ya mtoto isisubiri siku hizo kumi ziishe.

Kuchanja mbwa ndiko kunakokata mzizi: asilimia 70 ya mbwa wote kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walikifuta kichaa kwa njia hiyo, kikarudi mwaka 2016, wakakifuta tena. Siku ya kampeni utaona wanaoleta mbwa ni watoto, wamewafunga kwa kamba za katani au mikanda ya baba. Panga iwe siku ambayo si ya mnada, na usiwarudishe wenye vijibwa vya chini ya miezi mitatu, kama wafanyavyo baadhi yetu kwa mazoea. Navyo vichanjwe. Wewe mwenyewe dai chanjo ya kinga kwa mwajiri wako kabla hujashika mbwa wa kwanza. Ni haki yako, si fadhila.

Mvua zikizidi kipimo, mwaka wa mafuriko, kaa macho kwa Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Ilitambuliwa mara ya kwanza kwenye kondoo wa Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ilituumiza sana Afrika Mashariki 1997 na 1998, kisha tena 2006 na 2007. Utaijua kwa wingi: si mbuzi mmoja aliyetupa mimba, ni zizi zima ndani ya siku chache, na ndama na wanakondoo wanakufa. Chanjo yake ni ya kutangulia mvua. Mlipuko ukishaanza, kuzunguka na sindano ileile zizi hadi zizi ni kuusaidia ugonjwa kusafiri. Na mnyama mgonjwa asichinjwe kwa haraka ili "asipotee", maana wachinjaji na wachunaji ndio wanaoanza kulazwa.

Mwisho ni majibu. Ukipeleka sampuli Wakala wa Maabara ya Veterinari, andika kwenye daftari lako jina la mwenye mnyama na siku uliyomwahidi kurudi. Majibu yakichelewa, rudi ukaseme yamechelewa. Yakija hasi, rudi vilevile ukamwambie haikuwa kimeta, wakati alishafukia nyama yake yote kwa neno lako. Atakasirika, na ana haki. Kaa, kunywa chai utakayopewa, mweleze kilichokufanya ushuku. Halafu uliza kama wale waliobaki wameshachanjwa, na kama hawajachanjwa, pangeni siku.