Jibu: Kugundua zana mpya bila kuzama kwenye usajili

Habari ndugu. Umeeleza kwamba unapenda kujaribu tovuti na mitandao mipya, lakini sanduku lako la barua pepe limefurika matangazo na zana nyingi unaziacha baada ya siku chache.

Kagua kwanza anwani unayojisajilia. Gmail inakuruhusu kuongeza alama ya + na neno lolote kati ya jina lako na @, na barua zikafika palepale; mimi huandika hapo jina la tovuti, hivyo matangazo yakija najua mara moja nani aliyeitoa anwani yangu.

Kuhusu kugundua, mimi hutegemea Hacker News, tovuti ya kujadili habari za teknolojia iliyoanza 2007, na Product Hunt ya 2013, ambako watu hutambulisha zana mpya, ila husoma maoni kabla ya kufungua zana yenyewe, kwa sababu mara nyingi walioitengeneza huwa hapo wakijibu maswali magumu.

Kisha, na hili nalisisitiza kwa uchungu, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kupakua data yako na ya kufuta akaunti kabla hujaandika chochote cha maana. Niliwahi kupoteza madokezo ya miezi mingi zana moja ilipofungwa. Hata Mastodon, mtandao wa kijamii wenye seva (kompyuta za kuhifadhi akaunti) nyingi zinazojitegemea, unaokuruhusu kuhamisha wafuasi wako kwenda seva nyingine, hauhamishi machapisho yako ya zamani. Yapakue mwenyewe na uyahifadhi.