Rafu ya Muscat na treni ya Bububu: niuze N ninunue HO?

SWALI

Fundi, assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Mtoni, Unguja, sasa naishi Muscat. Marehemu bibi yangu alikuwa akitusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akipanda gari moshi la Bububu, na tangu nilipostaafu nina hamu ya kulijenga kwa modeli. Nina rafu ya sentimita 180 kwa 40, na nimeshanunua seti ya treni za modeli za aina ya N, yenye reli zilizoachana kwa milimita 9. Nimechora Ngome Kongwe kulia, Bububu kushoto, na katikati Malindi, Mtoni na Kibweni. Kila nikichora havienei. Rafiki yangu ananambia niuze N ninunue HO, aina iliyo kubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo yenye majumba na watu wengi madukani. Nimsikilize? Na jengine: ni kweli Bububu imeitwa hivyo kwa mlio wa treni?

JIBU

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usiuze kitu. Reli uliyonayo ndiyo hasa inayotakiwa. Kinachokukwaza ni skeli iliyoandikwa kwenye boksi.

Seti ya N hutengenezwa kwa 1:160, yaani kila kitu ni kidogo mara 160 kuliko cha kweli. Zidisha milimita 9 mara 160 upate 1,440, karibu sawa na geji (nafasi kati ya reli mbili) ya milimita 1,435 inayotumika sehemu kubwa ya Ulaya, Marekani na kwenye SGR zetu za sasa. Reli ya Bububu haikuwa pana hivyo. Ilijengwa mwaka 1904 na 1905 na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, na geji yake ilikuwa futi tatu, yaani milimita 914. Sasa gawa 914 kwa 9: unapata 101 na ushei. Maana yake, ukijenga kila kitu kwa 1:100, reli yako itakosea kwa milimita 14 za uhalisia, ambazo rafuni ni kama unene wa karatasi moja na nusu. Hapana jicho la kuiona tofauti hiyo.

Na 1:100 ndiyo skeli tunayokula nayo sisi wajenzi wa modeli za majengo. Sentimita moja ni mita moja. Huhitaji kikokotoo, na rula yoyote ya shule inatosha. Watu, miti na magari ya 1:100 yanauzwa kwenye maduka ya vifaa vya wasanifu majengo, wala si ya matreni. Rafiki yako hakosei kwamba HO ina vitu vingi, lakini HO ni 1:87 na reli yake ya milimita 16.5 ni ile ile geji ya 1,435. Ukiiweka mbele ya Ngome Kongwe utakuwa umeijengea Unguja SGR. Hata watu wa HO wachunge: mwenye urefu wa milimita 20 akija kwenye skeli yako ni pande la mtu la mita mbili. Mmoja wawili ukingoni kabisa mwa rafu, karibu na mtazamaji, watapita. Umati wao hautapita.

Ipo njia nyingine, nayo nitaitaja kwa ukamilifu tu: 1:76 juu ya reli ya milimita 12, inayolingana na futi tatu barabara. Wanaojenga reli za Isle of Man na za Ireland huitumia. Kwako itamaanisha kununua upya kila kitu na kupoteza robo ya nafasi.

Tuje kwenye nafasi, maana ndiko kwenye ugonjwa. Reli ile ilikuwa ya maili saba, kilomita 11 na kidogo. Kwa 1:100 ni zaidi ya mita 110, na wewe unayo moja na nusu ushei. Ukibana Ngome, Malindi, Mtoni, Kibweni na Bububu kwenye rafu moja, treni itakuwa na kichwa Mtoni na mkia Malindi, na mtazamaji ataona maonyesho ya majengo yaliyopangwa kama vikombe kabatini. Chagua pahala pamoja. Mimi ningechagua mwanzo wa safari, mbele ya Ngome Kongwe, ukitazama kutoka baharini: ukuta wa ngome nyuma kama pazia, reli katikati, mabanda ya forodha mbele. Kutoka upande huo kaskazini iko kushoto kwako, kwa hiyo treni inaondoka kushoto, na ukuta unafunga mandhari bila ya kulazimika kuchora mbingu kubwa.

Hesabu yake hii hapa. Tuseme kichwa cha treni kina sentimita 7 na mabehewa matatu ya sentimita 11 kila moja: treni nzima ni 40. Kichwa kikifika mwisho wa njia lazima kizunguke mabehewa yake ili kiyavute kurudi, kwa hiyo unahitaji njia mbili sambamba zenye pointi (pale reli moja inapogawanyika kuwa njia mbili) kila upande. Pointi ndogo ya N hula kama sentimita 12. Mbili ni 24, nafasi ya kuegesha mabehewa 35, na kipande cha mwisho cha kichwa kupumulia 9. Jumla 68. Upande wa kushoto kata sentimita 50 za rafu uzifanye maficho: trei nyembamba ya mbao yenye kipande cha reli juu yake, inayochomoka na treni nzima, ukaigeuza na kuirudisha. Zimebaki kama 60 za treni kutembea tu bila ya kufanya lolote. Hizo usizijaze. Watu wengi wakiona reli tupu wanaingiwa na kiwewe, wanaongeza pointi, kisha ghala, kisha pointi ya kwenda ghalani. Treni inayopita taratibu mbele ya ukuta mrefu mtupu inaonekana inasafiri, ikipita kwenye msongamano wa vitu inaonekana imekwama.

Maficho yafunike kwa banda la forodha lililokatwa nusu, ukuta wake wa nyuma ukiwa wazi. Treni iingie nyuma ya banda, si kwenye tundu la ubaoni. Kitundu cha ukutani kila mtu anakijua ni kitundu.

Kabla ya kukata chochote, amua mwaka. Chukua 1910, kwa mfano. Bustani ya Forodhani hutaiweka, kwa sababu ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa. Nimeona modeli nzuri sana ya ufukwe ule iliyoharibiwa na bustani hiyo hiyo pamoja na treni. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ukitaka kuonyesha pembe yake kushoto, kumbuka wakati huo mnara wa saa ulikuwa kwenye uso wa jengo. Ule mnara uliosimama peke yake mbele uliangamia katika mizinga ya 1896. Na picha zote usizichanganye: reli ya Seyyid Barghash ya kwenda Chukwani ilikuwa nyingine, ya zamani zaidi na nyembamba zaidi. Ukija likizo, pita Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Ramani za mji na picha za wakati ule zitakufaa kuliko chochote utakachokiona mtandaoni.

Vipimo vya ardhi utavipata kwa picha ya setilaiti, kwani ngome haijahama. Urefu wa kwenda juu ndio wenye kazi. Hapa reli yenyewe ni rula. Tafuta picha iliyopigwa mpiga picha akiwa amesimama kwenye njia, akitazama kwa urefu wake. Pima nafasi kati ya reli mbili pale zinapokuwa sawa kwa umbali na ukuta unaoutaka. Tuseme kwenye kioo cha simu ni milimita 6, na ukuta pale pale ni 52. Gawa 52 kwa 6, zidisha kwa 0.914, unapata mita 7.9. Kwenye modeli, sentimita 7.9. Ikiwa picha imepigwa kwa ubavu wa reli, njia hii haifai, maana reli mbili zitaonekana zimekaribiana kuliko zilivyo. Hapo tumia mtu aliyesimama au mlango.

Ukuta wenyewe usiununue. Kata ubao wa povu la PVC wa milimita 3, upake chokaa laini uliyoichanganya na gundi nyeupe, na kabla haijakauka ibonyeze kwa sifongo kavu. Ukuta wa mawe na chokaa una mabonde, hauna matofali, na kosa la kwanza la wageni ni kuuchora mistari. Ukikauka, pitisha rangi nyeusi ya maji iliyotiwa maji mengi, ukianzia juu kwenye meno ya ukuta na kuiacha ishuke yenyewe. Ule weusi wa kuvu unaoteremka kama machozi kila baada ya masika ndio unaoifanya iwe Unguja. Bila yake ni ngome ya popote.

Mchanga wa njia: utataka kuleta wa nyumbani, najua. Uoshe kwa maji matamu mara nne au tano, uanike, ndipo uchekeche kwa chujio la chai. Chumvi hufyonza unyevu wa hewa na kula reli. Modeli yangu ya kwanza, miaka mingi nyuma, niliimwagia mchanga wa pwani kama ulivyo, tena juu ya ubao wa MDF kwa kuwa aliyeniuzia aliapa hautaumuka. Masika ya kwanza ubao ukajaa kama andazi pembeni mwa pointi, na reli zikaota kijani. Tumia plaiwudi ya boti, na uipake vanishi pande zote, hata chini.

Mataruma ya reli ya N, vile vipande vinavyolaliwa na reli, ni madogo na yamebanana, kwa 1:100 yanafanana na njiti za kiberiti. Mbele ya ngome yafukie kwa mchanga hadi karibu na juu ya reli, yasionekane. Ukija siku moja kujenga rafu ya pili ya Bububu yenyewe, huko shamba nunua reli ya OO9 ya kampuni ya Peco: ni milimita 9 vile vile, lakini mataruma yake ni manene na yameachana. Na huko minazi usiinunue ya sentimita nane. Mnazi mrefu wa kwetu hufika mita 20 na kupita, kwa hiyo wako uwe sentimita 20, mwembamba, umeinama kidogo.

Kichwa ndicho kitakachokupa kazi. Kampuni ya Kato ya Japani inauza chesi ndogo za N, yaani fremu za chini zenye magurudumu na mota. Juu yake jenga bodi ya plastiki kwa kufuata picha, upana usizidi milimita 22 hivi. Chesi hizo hukunja kona za nusu kipenyo cha sentimita 23 bila shida, ingawa kwenye mpango niliokupa hutaihitaji hata moja. Umeme ni volti 12 za kawaida, waya mbili zinatosha, pamoja na kukata mkondo wa kile kipande cha mwisho ili kichwa kiegeshwe.

Muscat kiyoyozi huzimwa watu wakisafiri. Joto la chumba likipanda kwa nyuzi 20, reli ya mita 1.8 inarefuka kwa kiasi cha nusu milimita. Ukiwa umeziunganisha zote bila mwanya zitajipinda juu. Acha mwanya wa unene wa kadi ya simu kwenye viungo viwili au vitatu.

Ama jina, watu wengi hulisimulia hivyo, hata mimi niliambiwa utotoni. Lakini Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, ameitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya injini ya kwanza kupita kule. Treni ililikuta jina.

Anza na maboksi ya viatu. Kata ngome, banda na mabehewa kwa kadibodi, vipimo kamili, viache rafuni wiki moja bila gundi. Kisha nitumie picha, ila usipige kutoka juu. Kaa kwenye kiti, jicho liwe usawa wa reli, ndipo upige.