Sosi ya asali juu ya mkaa: kuku 35 walivyoniumbua kwenye kipaimara

Dada, weka hiyo brashi chini kwanza.

Jumamosi una wageni 60, unataka upike sosi ya barbekyu mwenyewe nyumbani. Umeuliza nyanya mbichi au tomato ya chupa, siki kiasi gani, inakaa siku ngapi kwenye friji. Sawa. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, umeandika kwamba kuku utawalaza kwenye sosi yenye asali usiku kucha na utawapaka nyingine kila ukigeuza. Hapo ndipo chai yangu ilipopoa. Hayo maswali mengine yote ni mapambo.

Desemba 2021, kipaimara cha mtoto wa dada yangu, Tegeta. Mimi mjomba mtu nikajitutumua: kuku niachieni. Kamati ikafurahi, hela ya mchomaji ikahamia kwenye keki. Kuku 35 wa kisasa, elfu saba saba, 245,000 kutoka mfukoni mwangu. Sosi niliipika Ijumaa usiku na ilikuwa tamu, hilo msinivunjie heshima: nyanya, vitunguu, saumu, tangawizi, siki, sukari guru na chupa nzima ya asali ya Tabora. Mke wangu, ambaye hanisifiagi ovyo, alichovya kidole mara tatu. Nikawalaza kuku humo kwenye ndoo mbili mpaka asubuhi.

Saa saba mchana jiko la nusu pipa limekolea, mkaa mwekundu, na mimi nimevaa aproni mpya. Nikapanga kuku kumi wa kwanza, wanachuruzika sosi. Mwanzoni harufu ilikuwa ya kuita majirani. Baada ya dakika kama tatu, povu la kahawia likaanza kutokota juu ya ngozi. Dakika chache mbele povu limeshakuwa lami. Mafuta yanadondoka, moto unaruka, moshi unawasha macho, na mimi kila nikiona panakauka naongeza sosi. Nazima moto kwa petroli, huku nacheka na wapambe.

Kwa nje weusi tii. Nikajiambia wameiva, peleka meza kuu.

Shangazi wa upande wa shemeji, mama wa heshima zake, akachukua paja akalikwangua kwa ukucha. Ganda likabanduka zima zima kama la yai la kuchemsha. Akalivunja kwenye kiungo, maji mekundu yakatiririka juu ya pilau. Hakusema neno. Alilifunika kwa tishu, akasogeza sahani pembeni taratibu kama anamfunika maiti. Kijana mmoja meza ya nyuma ndiye aliyesemea ukumbi mzima: "Mjomba, hiyo dawa ya viatu umenunua duka gani?"

Wale 25 waliobaki niliwafuta sosi yote, nikawachemsha kwenye masufuria ya kukodi, wakaliwa saa kumi na moja jioni na mchuzi. Wale kumi, hata mbwa wa jirani aliwanusa, akakaa chini akatafakari.

Sasa tuje kwa bwana wa video aliyenifundisha kuchoma hivyo. Dakika 12 anapaka tu, anatabasamu, muziki unapiga. Hakuna mahali aliposema jiko lake lina mfuniko na moto umekaa upande wa pili wa nyama! Wamarekani wanaochoma hivyo huiacha nyama masaa kwenye joto la sentigredi 110 hivi, mbali na mwali. Na hata hao wa Kansas City, wenye ile sosi nzito ya nyanya na molasesi (ule uji mweusi mtamu wa miwa), wanaojua kazi hupaka mwishoni. Mashariki ya North Carolina wanapaka wakati wote kwa sababu sosi yao ni siki na pilipili, siyo asali. Bwana wa video alichanganya mambo mawili akaniachia mimi aibu. Na yule rafiki yangu aliyenitumia hiyo video akaandika "hii haijawahi kufeli" naye nampa salamu zake.

Asali imejaa fruktosi, ile sukari ya matunda, na fruktosi huanza kubadilika rangi kwenye sentigredi 110 hivi. Sukari ya kawaida angalau inavumilia mpaka 160 hivi. Wavu ulio juu ya mkaa uliokolea unazipita zote mbili kwa mbali. Ndiyo maana nje anaungua wakati mfupani bado anawika.

Kwa hiyo KITAMU KINAKUJA MWISHO. Usiku walaze kuku kwenye chumvi, limau, saumu, tangawizi na pilipili manga, basi. Wachome na hivyo hivyo, moto wa wastani, mpaka waive kabisa: choma kisu kwenye kiungo cha paja, maji yatoke meupe. Kama una kipimajoto, 74 ndani ya nyama. Mkaa ukishaanza kuvaa majivu, ndipo sosi. Paka, geuza, paka, geuza, toa. Dakika tano hazifiki. Inayobaki iweke kwenye vibakuli mezani, kama ukwaju wa mishkaki, kila mtu achovye mwenyewe.

Na sosi iliyolala na kuku wabichi usiipake kwa kuku aliyeiva, imwage. Hilo sikulifanyia kosa, sikufika mbali kiasi hicho.

Kuna mchangiaji mwingine amekujibu kwamba yeye hupaka sosi tangu mwanzo na hawaungui. Ndugu, wewe umesema unatumia oveni. Oveni! Kaa pembeni, watu wa mkaa tunaongea.

Siki onja tu mpaka ikubane kidogo shavuni. Nyanya zozote. Kulikuwa na swali jingine, la friji nadhani, wengine watakujibu. Picha za ile siku msiniombe. Ziko kwenye grupu la familia, ambalo tangu Desemba ile linaitwa "Lami ya Tegeta", na mimi siyo admini.