Maswali yenu: chambo gani kinamfaa samaki aina ya kapi (carp) wa Ziwa Naivasha?

SWALI: Sasa kaka, navua kwa ndoano hapa Naivasha na nawalenga kapi, wengine wanasema ugali, wengine nyungunyungu, wengine mahindi, nishike lipi?

JIBU: Poa ndugu yangu. Mi nakwambia mahindi, tena bila kusita. Kapi ameonekana kwenye hilo ziwa tangu 2001, na anakula chini kabisa, anapapasa tope na vile visharubu vyake halafu anafyonza, so chambo lazima kilale chini, kikielea juu unamkosa. Loweka mahindi makavu usiku kucha, chemsha mpaka ganda lianze kupasuka lakini punje isiwe rojo, weka mbili au tatu kwa ndoano, na kabla hujatupa mshipi mwaga konzi moja ya hayo hayo mahali unapovua wapate kuzoea, usimwage ndoo nzima watashiba bure.

Donge la ugali uliokandwa na unga wa ngano na sukari kidogo pia wanalipenda sana, shida ni wale kamba wekundu wa Louisiana (crayfish) walioletwa 1970, wanalimega unabaki na ndoano tupu. Nyungunyungu weka akiba ya siku maji yamepoa, ila nyungunyungu hata perege wanawadaka.

Na tafadhali kaa mbali na njia za viboko, hasa jioni, na leseni uwe nayo.