Kambale, ningu, gogogo: jinsi ninavyowala samaki wa tope na miiba

Katika masoko mengi ya samaki Kanda ya Ziwa, meza ya mbele ni ya sato. Anayefuata ni sangara, ingawa minofu yake mingi huishia viwandani na kusafirishwa nje, wenyeji wakabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa baada ya minofu kuondolewa. Ukitaka kambale, ningu, gogogo au furu, pita mpaka nyuma kabisa, kwa akina mama waliokaa chini na mabeseni yao. Mimi huanzia huko nyuma. Bei ni sababu mojawapo, sikatai, lakini hata ningekuwa na hela ya sato kila siku bado ningewatafuta. Nimekulia Mara, karibu na vinamasi ambamo mto hutanuka kabla haujaingia ziwani, na nyumbani sato alikuwa samaki wa wageni.

Anayewakataa samaki hawa atakwambia mambo mawili: wananuka tope, na wana miiba. Yote ni kweli. Ila yote yana dawa, na dawa hiyo huanza majini, muda mrefu kabla hujabandika sufuria. Anayemletea mpishi kambale aliyekufa tangu asubuhi, akiwa na ute wake wote mwilini, asilaumu mchuzi.

Nianze na kambale, maana ndiye anayesingiziwa zaidi. Harufu ile ya tope haitokani na tope lenyewe. Kuna bakteria wa udongoni na majini wanaotengeneza kemikali iitwayo jiosmini. Samaki huivuta kupitia mashavu yake, nayo hukaa kwenye ngozi na mafuta. Ndiyo maana kambale wa dimbwi lililotuama wakati wa kiangazi hunuka kuliko yule wa maji yanayotembea. Kwa hiyo chagua mahali kwanza. Mvua zikianza na maji yakapanda kwenye majani, kambale huwa wengi pembezoni mwa matete na mafunjo, na maji yanakuwa yamebadilika. Lakini huo pia ndio msimu wao wa kutaga. Jike mwenye tumbo lililojaa mayai mimi humrudisha, na najua jirani zangu wananicheka.

Kambale hutafuta chakula usiku, tena kwa kunusa na kwa zile sharubu, zaidi kuliko kwa macho. Usihangaike na chambo cha kung'aa. Nyungunyungu wanatosha, na utumbo wa kuku ni bora zaidi kwa sababu unanuka na haubanduki upesi kwenye ndoano. Chubwi iwe nzito kiasi cha kulaza chambo chini. Akianza kuvuta mpe nafasi, hupenda kuonja kwanza, ukikurupuka unamnyang'anya. Kwa perege na sato wadogo mambo ni tofauti: ndoano ndogo, kidonge cha ugali mgumu, na boya la kipande cha ndala iliyochakaa, ambalo sijaona likishindwa na maboya ya dukani.

Sasa usalama, maana wanaoandika mambo ya uvuvi hupenda kuuruka. Mto Mara una mamba na viboko, na saa nzuri ya kambale ndiyo saa yao pia. Tega jioni jua likiwa bado lipo, kagua asubuhi kukiwa kweupe, na uongozane na mtu. Usisimame ndani ya maji ya kina kifupi yenye majani, kwani hapo ndipo wanapokaa konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi kitu. Kuhusu utupa na sumu nyingine za kuvulia, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inazikataza, na samaki wa namna hiyo usimchukue hata kama ni wa bure. Samaki aliyekutwa akielea usimwokote. Machi 2022 maji ya mto huu yaligeuka meusi na samaki wakafa kwa wingi, serikali ikasimamisha kwa muda matumizi ya maji yake. Wapo watu waliotaka kukusanya wale waliokufa. Vilevile mimi sivui chini ya mahali ambapo wachimbaji wadogo wanaosha dhahabu kwa zebaki. Zebaki haiondoki kwa limau wala kwa moshi.

Umempata kambale. Usimuue. Ana kiungo maalumu juu ya mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa, kwa hiyo ukimweka kwenye ndoo yenye maji kidogo au majani mabichi yaliyoloweshwa, atafika nyumbani akiwa hai. Mtie kwenye pipa la maji safi, usimlishe, badilisha maji kila siku. Siku mbili tatu hupunguza harufu, zikiongezeka ni bora zaidi. Funika pipa na uweke jiwe juu. Kambale hutoka usiku akatambaa uani, na paka wa jirani hahitaji mwaliko.

Siku ya kumpika, mshike kwa kitambaa kikavu nyuma ya kichwa, ukijihadhari na mwiba wa pezi la ubavuni, mpige utosini kwa kitu kizito. Fuvu lake ni gumu, kwa hiyo piga mara moja kwa nguvu, asiteseke. Kisha ute. Kanda ya Ziwa wengi hutumia majivu: unampaka mwili mzima, unamsugua, ute unashikamana na majivu na kutoka. Chumvi ya mawe nayo inafaa. Njia ya tatu ni maji ya moto yasiyochemka. Ute unageuka mweupe, unaukwangua kwa kisu. Ukitumia maji yanayochemka ngozi inachanika. Ukipasua, toa utumbo wote, mashavu, na kile kiungo cha hewa kilicho ndani ya kichwa, kinachofanana na mti mdogo mwekundu. Wengi hukiacha kwa kutokijua, na kinahifadhi uchafu. Ondoa mafuta ya njano tumboni na nyama nyeusi ya ubavuni, maana humo ndimo harufu imejificha.

Baada ya hapo limau na chumvi kwa nusu saa, halafu mwaga maji yote yaliyotoka. Tindikali huivunja jiosmini, kwa hiyo limau hapa lina kazi zaidi ya ladha. Ukwaju unafanya kazi hiyohiyo, na kwa mchuzi mimi huupenda zaidi. Kambale mbichi ana mafuta yake, hahitaji mafuta mengi ya kukaangia. Kaanga kitunguu, tangawizi na nyanya, mimina maji ya ukwaju, mtie samaki, funika, moto mdogo. Usimkoroge ovyo, atavurugika. Na aive kabisa mpaka nyama iachane na mfupa. Samaki wa maji baridi hubeba vimelea, asiliwe nusu mbichi.

Lakini nikilazimishwa kuchagua njia moja tu, nitambanika. Kambale mdogo hukunjwa duara, mkia ukafungwa mdomoni kwa kijiti, akawekwa juu ya uchanja, moto wa chini usiwe na mwali. Kuni ziwe ngumu na kavu; mbao zenye rangi au dawa zina sumu. Kwanza joto la kutosha kumwivisha, halafu moshi wa polepole mpaka maji yote yaishe. Huyo anapikwa na karanga zilizosagwa, kitunguu na nyanya moja, bila kiungo kingine. Kwa ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa. Bibi yangu hakuruhusu mtu aweke binzari kwenye chungu hicho, na kwa hilo nimebaki upande wake.

Ningu ni habari nyingine. Yeye hanuki sana, tatizo lake ni vimiiba vyembamba vyenye ncha mbili vilivyotawanyika katikati ya nyama. Hula uoto wa kwenye mawe na uchafu laini wa chini, ndiyo maana ndoano haimpati kirahisi. Kwa kawaida huvuliwa kwa migono, ile mitego ya kusukwa, au nyavu anapopanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Zamani alivuliwa kwa wingi mno. Nyavu zilizotandwa kwenye midomo ya mito ndizo zilizompunguza, maana zilimkamata kabla hajataga. Ninapomnunua huuliza ametoka wapi, na yule wa wavu ulioziba mto mzima namwacha.

Mparue magamba, mpasue, halafu sugua kwa chumvi ule utando mweusi wa ndani ya tumbo. Ukiubakiza, samaki mzima anakuwa mchungu. Mlaze ubavu, chukua kisu kikali sana, mchanje kutoka mgongoni kuelekea tumboni, mistari iliyokaribiana kadiri uwezavyo, bila kukata uti wa mgongo. Utasikia kisu kikikata vimiiba. Geuza upande wa pili, fanya vilevile. Chumvi, akae kidogo, kisha kwenye mafuta mengi ya moto wa wastani mpaka aive. Mtoe, apoe, mrudishe kwenye mafuta makali kwa muda mfupi. Vimiiba vilivyokatwakatwa hukauka na kuliwa pamoja na nyama. Kisu butu hakifai kabisa kwa kazi hii. Ukiwa nacho, nunua samaki mwingine.

Hata hivyo watoto wadogo usiwape ningu. Na mtu akikwamwa na mwiba kooni, ile desturi ya kumpa tonge kubwa la ugali alisukumie ni hatari, kwani linaweza kuuzamisha mwiba zaidi. Mpeleke hospitali.

Gogogo ana miiba mitatu mikubwa yenye meno, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na anajua kuifunga ikasimama. Usimvute kwenye ndoano kwa mkono mtupu. Vunja miiba kwa koleo kwanza. Anafaa kwa supu yenye limau na pilipili, kwingine sioni faida yake. Furu wanafaa kukaangwa wazima mpaka wakauke, pamoja na vichwa. Walipungua sana miaka ya 1980 baada ya sangara kuenea ziwani, kwa hiyo ukiwaona kwenye beseni chukua.

Kamongo, yule samaki mrefu mwenye mapafu, nimemwacha mwisho kwa kuwa si wa kila mtu. Anauma kwelikweli, taya zake zinaweza kumjeruhi mvuvi vibaya, na hata akiwa mtumbwini bado ana nguvu. Mwachie mwenye uzoefu, wewe nunua vipande. Nyama yake ni nzito na yenye mafuta. Ikibanikwa inapungua mafuta na kupata ladha nzuri. Kabla hujamwandalia mgeni, muulize. Buganda, kule Uganda, wanamwita mmamba, na kuna ukoo mkubwa wenye jina hilo ambao ni mwiko kwao kumla. Hata huku kwetu wapo wasiomgusa.

Ukinunua samaki wa kubanika njiani, kwa mfano pale daraja la Kirumi kwenye Mto Mara, usiridhike na rangi ya nje. Omba avunjwe kidogo karibu na uti wa mgongo. Akiwa mkavu na mwenye harufu ya moshi tu, lipa. Akiwa na unyevunyevu, alikaushwa haraka kwa moto mkali na ndani ataoza. Ukifika nyumbani usimfungie kwenye mfuko wa plastiki. Mtundike juu ya jiko au mfunge kwenye karatasi, na kabla ya kumpika mloweke kwenye maji ya uvuguvugu, umwoshe masizi, maji hayo uyamwage.